Tundu la Mwisho kwenye Buti la Mkunga

Mume wangu anaitwa Haionekani. Jina la kuzaliwa analo, lakini ukimwita kwalo barabarani hageuki. Hili la pili walimbandika wateja, kwa sababu kila mtu akimuuliza, "Fundi, hiyo spika utaiweka wapi?" yeye hujibu neno moja tu, "Haionekani," kisha anaendelea na kazi. Kazi yenyewe ni kuficha muziki ndani ya magari. Wateja wetu ni watu wa mfuko mwembamba kama sisi. Hawanunui yale masanduku ya dukani yanayong'aa taa. Wanakuja na spika iliyong'olewa kwenye redio ya sebuleni iliyokufa, wanakuja na amplifaya iliyotupwa na mtu mwingine, halafu wanataka besi ya kutikisa vioo. Mume wangu anachonga plaiwudi ifuate lile shimo la ubavuni mwa buti, nyuma ya gurudumu, ambako kiwanda kiliacha uwazi wa bure. Anatia spika humo, mimi nashona zulia la kufunika, na mtu akifungua buti anaona buti.

Zulia ni kazi yangu na nisimsikie mtu akiidharau. Ukitandika zulia jipya ndani ya gari kuukuu umeshajitangaza. Mwizi hahitaji kuambiwa mara ya pili. Kwa hiyo kitambaa nakianika kwanza juu ya bati mpaka kipauke, nakitandika mlangoni watu wakikanyage, ndipo nakikata. Mume wangu akisifiwa kwa kuficha, robo tatu ya sifa hizo ni zangu, na huwa namkumbusha.

Wa tatu bandani alikuwa mdogo wake, shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mvungu kwa kuwa maisha yake yote yamepita chini ya magari. Huwezi kutoboa sakafu ya buti kwa kuangalia juu tu. Huko chini kuna nyaya, kuna bomba la breki, kuna tenki la mafuta, na kila gari limepanga vyake linavyojua lenyewe. Mafundi wengine hupima kwa rula halafu wakamwachia Mungu. Hawa wawili walikuwa na namna yao. Kaka mtu anapiga magoti ndani ya buti, anagonga kwa kifundo cha kidole pale anapotaka kutoboa. Mdogo mtu amelala chini chali, kiganja kimegusa bati, anausikia ule mdundo mkononi mwake. Akijibu kwa kugonga mara moja, toboa. Akijibu mara mbili, usiguse, sogea. Hakuna aliyefungua mdomo. Sijapata kuona ndugu wanaoelewana vile kwa kugonga bati, wakashindwa vile kuelewana kwa maneno.

Maana kwa maneno walishindwa. Mvungu alipata chumba cha kupanga ng'ambo ya barabara kuu, akataka kufungua banda lake. Alimweleza kaka yake kwa adabu zote, kofia ameishika mkononi. Mume wangu hakunyanyua hata uso. "Nenda," akasema. "Nilikuwa natoboa magari wewe hujui hata kufunga kamba za viatu." Mvungu akavaa kofia yake, akatoka. Tangu siku hiyo wakanuniana.

Mimi nakijua kilichokuwa kinamla mume wangu. Mama yao alifariki Mvungu akiwa mdogo, na huyu wangu ndiye aliyemwogesha, akampeleka shule, akamfundisha kazi. Hana ndugu mwingine duniani. Aliogopa kwamba siku Mvungu akivuka ile barabara na vifaa vyake, ndiyo basi, atakuwa mtu wa kukutana naye misibani. Hakuwa na neno la kumwambia baki, na la kumwambia nenda salama lilimshinda. Akaona bora avimbe.

Basi ikawa, "Mwambie mtu fulani aniletee bisibisi." Na huyu naye, "Mwambie mwenye banda bisibisi iko mbele ya pua yake." Mimi niko katikati na cherehani yangu, nimegeuzwa simu ya watu wazima wenye ndevu.

Siku hiyo akaja mama mkunga wa zahanati. Alishuka kwenye gari lake dogo la zamani, mwanamke mnene, mweupe wa meno, viatu vya kazini bado viko miguuni, akamtazama mume wangu juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Haionekani?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Nataka besi. Lakini mume wangu asijue, wagonjwa wangu wasijue, na anayenisaidia kubeba mzigo asijue. Miaka yote hii nashinda nasikiliza wanawake wanapiga kelele na watoto wao wanalia. Nikitoka zamu nataka kitu kinachonguruma kunizidi mimi."

Nilimpenda hapohapo. Alisema anaenda sokoni mara moja, akirudi anaondoka na gari lake kwenda kuwachukua wajukuu mbali, likizo imeanza. Tenki alikuwa amelijaza mpaka mdomoni. Alilisema hilo kwa kujisifu, kama watu wanavyolisema, na sote tulilisikia.

Kazi ilikwenda vizuri. Sanduku likaingia ubavuni likakaa sawasawa, spika ikafungwa, amplifaya ikalazwa chini ya kifuniko cha tairi la akiba, waya ukapitishwa chini ya zulia mpaka kwenye betri. Boliti za ubavuni zikakazwa, bado moja ya sakafuni, ile ya mbele karibu na mgongo wa kiti cha nyuma. Bila hiyo sanduku litacheza, na sanduku likicheza besi inageuka kuwa kelele za debe. Mume wangu akapiga magoti ndani ya buti, drili mkononi. Gari lilikuwa juu ya vigingi vya chuma, chini kuna nafasi ya kutosha. Mvungu alikuwa amekaa juu ya tairi, anamenya waya ambao hakuna aliyemtuma kuumenya.

Mume wangu akakohoa. Mvungu akamenya waya. Mume wangu akagonga bati kwa kidole, kidogo, kama mtu anayejikuna. Mvungu akainua macho, akayarudisha.

"Mwambie mtu fulani," mume wangu akaniambia, "kwamba kuna kazi huku."

"Mwambie mwenye banda," Mvungu akasema, "mtu ana jina."

Hapo nikachoka. Nikasimamisha cherehani. "Leo simu haina mtandao," nikawaambia. "Mdomo mnao, wote wawili. Tumieni." Nikarudi kwenye zulia langu, na wala siombi radhi.

Nilimwona mume wangu anakaza taya. Nilimjua, alikuwa anataka kuonyesha. Aliwahi kufunga muziki kwenye magari ya aina ile mengi tu, akajiambia tenki lake analijua hata akifumba macho. Akaweka ncha ya drili kwenye alama, akabonyeza.

Chuma kinapotobolewa kinalia sauti ya juu, halafu ncha ikipenya inadumbukia, sauti inalegea. Ilidumbukia. Kisha ikalia tena, mara ya pili, chuma kingine. Alikuwa ameshaachia swichi lakini mkono bado ulikuwa na uzito wake. Ikadumbukia tena. Banda zima likanyamaza, isipokuwa feni pale ukutani na jirani yetu nyuma ya mabati. Halafu nikaisikia harufu.

"Tokeni nje," mume wangu akasema, taratibu. Hakugeuka. "Nimetoboa tenki."

Nikaangalia chini ya gari. Petroli ilikuwa imeanza kudondoka, uzi mwembamba, inatafuta njia kwenye sakafu kuelekea ukutani. Ukuta huo ni wa mabati, na nyuma yake kuna jirani anayechomelea mageti. Siku nzima cheche zake huruka mpaka kwetu, tumezizoea hata hatuzioni.

"Usiichomoe hiyo," nikamwambia. Najua kidogo. Ile ncha ndiyo ilikuwa kizibo.

"Sijaichomoa. Zima umeme. Si hapa, usiguse swichi yoyote humu ndani. Kule nje. Na huyo jirani, mwahi kabla hatujawaka sote."

Nikatoka mbio, kiatu kimoja nimekiacha mlangoni. Jirani alikuwa ameinama juu ya geti, kofia ya kuchomelea imemfunika uso, moto mweupe unalia mbele yake, na cheche zinaruka kuelekea kwetu. Nikapiga kelele. Hakusikia. Nikapiga tena, sauti ikanikauka. Swichi kuu yetu na yake ni moja, iko kwenye kisanduku nje ya ukuta wa nyuma, na kile kisanduku mlango wake una kutu. Nikauvuta kwa mikono miwili, ukakataa, nikauvuta tena kwa jina la mama yangu, ukafunguka na kucha yangu moja ikabaki humo. Nikashusha mkono wa swichi. Mageti yakanyamaza.

"Nani huyo anayenichezea?" Jirani akavua kofia, amekasirika.

"Petroli imemwagika kwetu. Ukiwasha hata kiberiti nakuua kabla haijakuua."

Akaniangalia, akainusa hewa, akachukua ndoo yake ya mchanga, akanifuata.

Niliporudi bandani Mvungu hakuwa juu ya tairi. Nikatafuta kwa macho, nikaona soli za viatu vyake zimetokeza chini ya gari. Alikuwa ameshika kipande cha sabuni ya kufulia, ile ile niliyoiacha kwenye beseni langu. Mafundi wa magari wanaijua: sabuni ukiikandika kwenye tundu la tenki, petroli haiiyeyushi, inakaza. Lakini lazima ncha itolewe kwanza, na wewe uwe chini yake. Na kati ya sakafu ya buti na tenki kuna upenyo mwembamba, huwezi kupitisha mkono na kukwepesha uso kwa wakati mmoja. Petroli ilikuwa inamshukia kiganjani, inateleza mpaka kwapani, inamdondokea shavuni. Nilimwona amefumba mdomo na macho.

Mume wangu hakuweza kumwona. Alikuwa juu, amepiga magoti, ameikumbatia ile drili isitikisike, jasho linamtiririka puani.

"Nani yuko chini?" akaniuliza.

"Unamjua."

Akalaza paji la uso kwenye bati. Nimeolewa naye miaka, nimemzika naye mtoto, sijawahi kumwona vile. "Mdogo wangu," akasema, na sauti yake ikapasuka. "Toka huko. Toka, gari liungue, banda liungue, potelea mbali. Toka."

Kutoka chini bati likagongwa. Mara moja.

"Hapana," mume wangu akasema. "Nikichomoa inakumwagikia yote usoni."

Bati likagongwa tena. Mara moja.

Mikono yake haikusogea. Ilikuwa imekataa. Mtu aliyekuwa anatoboa magari kabla mwenzake hajajua kufunga viatu, sasa hawezi kuvuta chuma cha urefu wa kidole. Mimi nimesimama na ndoo yetu ya mchanga, jirani yuko pembeni yangu na yake, na ule uzi wa petroli umeshafika kwenye mguu wa cherehani. Nilikuwa na hofu. Na nilikuwa na hasira. Niliwachukia wote wawili kwa mapenzi yao ya kijinga yasiyojua kusema.

"Ameshakujibu," nikamwambia mume wangu. "Kakwambia vuta. Umemwamini miaka yote hiyo, mwamini na leo. Vuta."

Akavuta.

Nilisikia petroli inashuka, si uzi tena. Miguu ya Mvungu ikajikunja, visigino vikakwaruza sakafu. Mkono wake ulikuwa umeingia mpaka kiwiko na sabuni, bega linasukuma. Kisha miguu ikatulia. Mume wangu akaweka drili pembeni kana kwamba ni yai, akagonga sakafu ya buti. Hakujibiwa. Akagonga tena. Nikainama, nikaona petroli imekatika, imebaki kudondoka tone, halafu tone, halafu hakuna. Lakini na Mvungu alikuwa kimya.

Nikatupa ndoo. Nikamshika mguu mmoja, jirani akamshika wa pili, tukamburuta mpaka nje uwanjani. Alikuwa anapumua kwa shida, macho yamevimba yamefunga, shingo na mkono vimekuwa vyekundu kama vimemwagiwa maji ya moto. Mume wangu alimfikia kabla sijanyanyuka. Alimwinua kichwa akamweka mapajani, anamfuta uso kwa shati lake, anasema maneno ambayo hayakuwa maneno.

"Mivuke tu," Mvungu akasema alipopata pumzi. "Ilinipanda kichwani." Akatema mate. Kisha akavuta shati la kaka yake, akaongea chinichini, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ya kofia. "Sabuni imekaza. Juu yake tupake gundi ya chuma, shemeji aweke zulia. Mama wa watu hatajua kitu. Jina lako halitachafuka."

Nilimtazama mume wangu. Maisha yake yote ni kuficha. Watu wangapi mtaani wangeacha kumwamini wakisikia kwamba Haionekani ametoboa tenki? Na zulia lilikuwa tayari, limepauka sawasawa, lingefunika kila kitu.

Mama mkunga akafika mkokoteni wa mzigo wake ukiwa nyuma yake. Hakuuliza gari liko wapi. Aliona macho ya Mvungu, akaweka chini kikapu chake. "Maji," akasema. "Mengi. Ya bomba." Akapiga magoti kwenye tope, akampanua kope kwa vidole vyake, akamwaga maji polepole, ndoo baada ya ndoo, anamkemea akifumba. Akamvua shati, akamwosha mkono mpaka bega. Alipomaliza akamwuliza kama anaona. Mvungu akasema anaona mwanamke mkali. "Basi unaona vizuri," akajibu. Ndipo akamgeukia mume wangu.

"Nini kimetokea?"

Mume wangu alikuwa amesimama. "Mama, nimetoboa tenki lako. Nilitoboa bila mtu wa kuniangalizia chini. Huyu ameziba kwa sabuni, lakini sabuni si ya kusafiria. Joto na matuta ya barabarani, itaachia."

Mama mkunga akaligeukia gari lake.

"Wajukuu wangu wanakaa kiti cha nyuma," akasema. "Hapo juu yake."

"Ndiyo, mama."

"Ungeninyamazia, ningejua?"

"Usingejua."

Akamwangalia kwa muda, kama anavyomwangalia mama mjamzito aliyechelewa kuja kliniki, nadhani. Nilikuwa najiandaa kwa matusi, na nilishaamua sitayajibu, jambo ambalo kwangu ni nadra. "Utashusha tenki hilo," akasema, "utanitafutia lingine, na gharama ni yako. Mimi nitawafuata watoto kwa basi. Nikirudi nataka kumwona huyu na macho yake. Na muziki wangu nataka uwe unalia."

"Utalia, mama."

"Sitaki uwe unalia kidogo." Akachukua kikapu, akaondoka bila kuaga.

Tulilishusha gari kwenye vigingi, tukalisukuma mpaka uwanjani, tukamwaga mchanga bandani, tukafungua milango yote upepo upite. Mume wangu akachukua beseni jipya la maji na kopo, akakaa mbele ya mdogo wake, akaanza kumwosha tena ule mkono ambao ulikuwa umeshaoshwa. Nilijifanya nakunja zulia.

"Nilitaka uone kwamba naweza bila wewe," akamwambia.

"Nimeona," Mvungu akasema.

Akamwagia maji mengine. "Siwezi."

Mvungu alimwachia mkono, ukaoshwa mpaka maji yakaisha.

Ukidhani baada ya hapo alibaki, humjui mtu aliyeshalipia chumba na kukipaka rangi. Aliondoka mwezi huohuo. Vifaa vyake vilibebwa na mume wangu mwenyewe, safari tatu kuvuka ile barabara, na drili aliyompa ndiyo ile nzuri. Sisi tumebaki na ile ya zamani. Siku hizi anayelala chini ya magari bandani kwetu ni mimi. Mgongo unauma na nimeshatukana kila tusi ninalolijua, lakini mume wangu hatoboi kabla hajaniita kwa jina na mimi nikamwitikia.

Siku Mvungu alipopata gari la kwanza la mteja tulikwenda kumtembelea. Mume wangu alivaa shati lake la kutokea. Tulimkuta shemeji ndani ya buti, amepiga magoti, drili mkononi, alama ameshaichora, na chini hakuna mtu. Alitusalimia, akatukaribisha viti, akarudi kuitazama ile alama. Hakuomba. Ni damu moja hiyo, hawaombi. Nami nikajiuma ulimi kwa nguvu zangu zote, maana simu ile nilikuwa nimeshaitupa.

Mume wangu akafungua vifungo vya shati, akanikabidhi. Akalala chali kwenye saruji mbele ya mteja na wapita njia, yeye aliyemfundisha mwenzake kazi, akajisukuma kwa visigino mpaka akaishia chini ya gari, vikabaki viatu vyake tu nje.

"Gonga," akasema kutoka huko. "Kaka yako nipo."